Siku Bwana Swichi Alipozima Sauti ya Mkewe

Mtaani kwao alijulikana kama Bwana Swichi, na usidhani jina hilo alipewa kwa heshima. Mafundi umeme wako wengi. Huyu alikuwa fundi umeme aliyeuogopa umeme kuliko wateja wake wote. Asingetoka nyumbani, hata kwenda duka la jirani kununua kiberiti, bila kushusha swichi kubwa iliyo nyuma ya mlango. Maziwa yakiharibika kwenye friji, basi yaharibike. Mgeni akiwa anachaji simu, shauri yake. Mkono wa kulia ulipanda wenyewe, ukashusha kile kishikio cheusi, na nyumba nzima ikanyamaza.

Sababu alikuwa nayo. Zamani, bado anajifunza kazi, alimfuata mwalimu wake kwenda kukagua nyumba iliyoungua kwa sababu ya pasi iliyosahauliwa. Hakuna aliyekufa. Lakini alimkuta mwenye nyumba, mama mtu mzima, akifagia majivu mahali palipokuwa jiko, taratibu, pembe kwa pembe, kana kwamba anasubiri wageni. Picha hiyo haikumtoka tena. Tangu siku hiyo hakuamini waya wowote ulioachwa peke yake.

Mkewe aliitwa Bi Simu. Alikuwa mpokea simu wa hospitali, na kulikuwa na watu waliomjua kwa sauti miaka nenda miaka rudi bila kuwahi kuiona sura yake. Ilikuwa sauti nzito kidogo, yenye kicheko kilichojificha mwishoni mwa kila sentensi, hata anapokuambia daktari hayupo. Nyumbani walikuwa na mchezo wao wa mlangoni. Wakitaka kutoka, Bwana Swichi angeuliza, "Umezima?" akimaanisha jiko, pasi, redio na kila chenye waya. Naye kabla hajamaliza angejibiwa, "Nimezima, mzee. Twende." Mara nyingi ulikuwa uongo mtupu. Redio ilikuwa bado inaimba chumbani, na Bi Simu alijua fika kwamba mumewe angeshusha swichi kubwa hata hivyo.

Kisha koo likaanza kumsumbua. Sauti ikakwaruza, ikakatika, ikarudi, ikakatika tena, mpaka daktari akawakalisha na kuwaambia kwamba uvimbe umekaa pabaya na kisanduku cha sauti lazima kiondolewe. Angeishi. Angepumua kupitia tundu shingoni. Kusema kwa sauti ile, hapana.

Aliyepata wazo alikuwa mpwa wa Bwana Swichi, binti ya dada yake, anayefanya kazi za kompyuta kwenye kampuni moja. Alikuja kabla ya upasuaji, akaegemeza godoro dirishani ili kelele za barabarani zisiingie, akamkalisha shangazi mbele ya kinasa sauti na kumwambia aseme. Bi Simu alisema. Alisema "naumwa" na "nataka maji," kama alivyoelekezwa, halafu akaanza kusema ya kwake. Alisema "Funga mdomo unapotafuna." Alisema "Huyo fundi bomba ni tapeli." Majina ya wajukuu aliyasema mara mbili mbili, mara moja kwa mapenzi na mara moja kwa kufoka, maana yote mawili yangehitajika. Bwana Swichi alicheka mpaka akatolewa chumbani kwa kuharibu kazi.

Maneno hayo yote mpwa aliyapanga ndani ya kompyuta ya nyumbani, ile ya mezani pale sebuleni. Yakawa vibao vidogo kwenye skrini. Bi Simu anabonyeza, sauti yake inatoka. Aliporudi kutoka hospitali, kitambaa chepesi shingoni, kitu cha kwanza alichobonyeza kilikuwa "Nyumba hii haijafagiliwa." Bwana Swichi alienda uani akalia peke yake, kisha akarudi na ufagio.

Sasa basi, kompyuta yenyewe ilikuwa ya siku nyingi, na ilianza kutoa onyo: mfumo wake umezeeka, karibuni hautalindwa tena, weka toleo jipya. Mpwa alipoambiwa alijibu kwa mkato. "Mjomba, usiguse. Nitakuja mwenyewe. Kwanza tunakili zile sauti pembeni, ndipo tuweke mfumo mpya." Akamwachia flashi mbili kwenye kifuko. Yenye uzi mwekundu ilikuwa na mfumo mdogo wa dharura, mashine ikigoma iweze kuamshwa nayo. Nyingine ilikuwa tupu, ya kunakilia. Bwana Swichi alizitia kwenye droo ya balbu na utepe mweusi, nazo zikakaa humo.

Siku yenyewe, Bi Simu alikwenda asubuhi kwa dada yake kusukwa nywele, maana mchana walitakiwa kliniki wote wawili na hakutaka madaktari wamwone kama mgonjwa. Bwana Swichi akabaki peke yake na ile kompyuta. Onyo likatokea tena, safari hii na alama nyekundu. Hautalindwa. Mtu mwingine angelifunga na kuendelea na chai yake. Yeye lilimwingia kama taarifa ya waya ulio wazi karibu na maji. Akaona mfumo umeoza, wezi wanaingia, sauti ya mkewe inaliwa huko ndani kidogo kidogo. Akabonyeza "Ndiyo."

Mambo yakaanza vizuri. Asilimia zikapanda polepole, na chini yake maandishi yakaomba kompyuta isizimwe. Bwana Swichi aliyasoma na kuyakubali moja kwa moja. Alipenda kifaa kinachotoa tahadhari. Ndipo simu ikaita. Alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa nyuma: soketi yake inatoa moshi, vitambaa viko jirani, afanye haraka. Kwa Bwana Swichi neno moshi halikuwa na mjadala. Akabeba mkoba wa vifaa, akavaa ndala, akatoka mbio.

Na mkono wa kulia, kwa mazoea yake, ukapanda na kushuka.

Alikuwa chini ya meza ya cherehani, soketi imeshafunguliwa, moto haukuwa umeshika, ndipo fundi cherehani akamtania kama mtaa mzima ulivyozoea.

"Haya, Bwana Swichi, na kwako umezima?"

"Lini uliniona nimetoka bila kuzima?" akajibu.

Bisibisi ikamponyoka. Alibaki amepiga magoti, akitazama tundu la soketi. Fundi cherehani akamuuliza kama amepigwa na shoti. Alifunga ncha za waya kwa utepe, akamwambia asiwashe chochote mpaka arudi, akaondoka ameacha mkoba wazi.

Njiani alijiambia kwamba pengine hakuzima. Watu husahau, kwa nini yeye asisahau mara moja tu maishani? Alifungua mlango taratibu. Kishikio kilikuwa chini. Sebule ilikuwa kimya, skrini nyeusi, na juu ya kiti cha kompyuta kulikuwa na mto wa mkewe, ule wa maua.

Alipandisha swichi. Friji ikaanza kuvuma. Alibonyeza kitufe cha kompyuta, feni ikazunguka, nembo ikatokea, kiduara kikaanza kujizungusha, halafu giza. Nembo tena, kiduara tena, giza tena. Mara ya tatu ikaja skrini ya buluu iliyosema kwamba kompyuta imeshindwa kuanza.

Hofu anayoijua Bwana Swichi ni ya moto, na moto una namna ya kuukabili: mtu anakata umeme, anatoa watu, anamwaga mchanga. Hii haikuwa na pa kushika. Hakuna harufu, hakuna moshi, na kitu kilichokuwa kikiungua, kama kilikuwa kikiungua, hakikuonekana kwa macho. Alielewa kazi yake vya kutosha kujua alichokifanya. Ni sawa na kubadilisha ubao wa umeme wa nyumba: umeshatoa nyaya zote kwenye ubao wa zamani, hujazifunga kwenye mpya, na hapohapo mtu anakuja kukuvuta miguu ngazini. Mwanafunzi wake angefanya hivyo angemfukuza siku hiyohiyo.

Skrini ilimpa machaguo. Akachagua kurekebisha. Mashine ikafikiri, ikasema imeshindwa. Akachagua kurudi kwenye mfumo wa zamani. Ikasema inatengua mabadiliko, ikakaa hapo, na yeye akakaa mbele yake, viganja vimebana magoti, kijasho chembamba kikimtoka. Alianza kuzungumza nayo kwa sauti ya chini, ile anayotumia kwa mbwa wa wateja. Ikasema imeshindwa. Lilibaki chaguo la kuanza upya kabisa. Neno "upya" lilimvutia. Mshale wa kipanya ulikuwa juu yake alipogundua kwamba chini, kwa herufi ndogo, imeandikwa kwamba kila kilichomo kitafutwa.

Aliondoa mkono kama aliyegusa pasi ya moto. Akampigia mpwa wake.

"Mjomba, niko kikaoni, nimetoka kidogo," mpwa alinong'ona. "Kuna nini?"

"Nimeweka ule mfumo mpya."

"Kwa nini?"

"Ilisema haulindwi. Halafu nikaitwa kazini. Halafu... nikatoka, mwanangu."

Hakuhitaji kuongeza neno. Ukoo mzima ulijua Bwana Swichi anavyotoka nyumbani.

"Sauti ulizinakili?"

"Hapana."

"Mjomba." Alilitaja neno hilo taratibu sana, na Bwana Swichi angefurahi zaidi kama angetukanwa. "Sikiliza. Toa mkono kwenye kipanya. Umetoa?"

"Nimetoa."

"Mashine tutaishughulikia baadaye, hata ikifa ife. Kwanza tutoe sauti za shangazi. Zile flashi ziko wapi?"

Alimwaga droo nzima sakafuni. Balbu mbili zikapasuka. Flashi zilikuwa ndani ya kifuko chake, hazijawahi kuguswa. Akachomeka ile ya uzi mwekundu. Mpwa akamwambia azime, awashe, na nembo ikitokea tu abonyeze kitufe fulani cha juu mfululizo ili mashine iamkie kwenye flashi. Aliposikia "zima," aliomba arudiwe. Mara ya kwanza alichelewa, kiduara kikaanza. Mara ya pili vidole vilibonyeza kitufe cha jirani. Mpwa hakumharakisha, ingawa huko aliko sauti ya mtu ilisikika ikimuuliza kama anarudi kikaoni. Mara ya tatu skrini ikafunguka, ya kijivu, ngeni, lakini hai.

"Unaiona diski?"

"Naiona."

"Ingia. Tafuta folda ya watumiaji. Ndani yake ipo ya shangazi. Ndani yake imeandikwa Sauti."

Aliingia moja baada ya nyingine, akisoma kila jina kwa sauti kubwa kama mtoto anayejifunza kusoma. Watumiaji. Shangazi. Sauti. Akaifungua.

"Iko tupu," alisema.

Mpwa alimwambia aangalie tena.

"Mwanangu, iko tupu. Hakuna kitu. Ni nyeupe tu."

Alikuwa amejikaza kisabuni asubuhi nzima; sasa akashindwa. Akaketi sakafuni katikati ya vipande vya balbu. Hakuiona skrini tena. Alimwona mama yule akifagia majivu pembe kwa pembe, na akaelewa kwamba miaka yote alikuwa akilinda nyumba isipatwe na jambo lile, na jambo lile limeingia kupitia mkono wake mwenyewe. Alifikiria mkewe akirudi na nywele mpya, akivuta kiti, akibonyeza kibao. Angemwambiaje mtu aliyekwisha kupoteza sauti mara moja kwamba ameipoteza tena? Angalau daktari aliomba ruhusa.

"Mjomba, upo? Nilikuwa nafikiria," mpwa alisema mwishowe. "Mfumo mpya ukianza kuingia, unavihamisha vitu vya zamani pembeni kwanza. Folda uliyoiona inaweza kuwa mpya, mfumo ulikuwa bado haujairudishia vitu vyake. Rudi mwanzo kabisa wa diski. Kuna folda yoyote yenye neno la zamani?"

Alijiinua kwa kushika meza. Aliitafuta mstari kwa mstari. Ilikuwepo.

"Ingia. Watumiaji. Shangazi. Sauti."

Safari hii hakusoma kwa sauti. Alibonyeza na skrini ikajaa majina kutoka juu mpaka chini, na bado yakaendelea.

"Zipo," alisema, na sauti yake mwenyewe hakuitambua.

"Usifurahi bado. Jina kuonekana si hoja, faili linaweza kuwa limeharibika. Fungua moja tusikie."

Hakutaka. Aliogopa kuliko wakati wowote wa asubuhi ile, maana mpaka hapo bado aliweza kutumaini. Alichagua moja bila kuangalia jina, akabonyeza. Spika zikakohoa.

"Huyo fundi bomba ni tapeli," alisema Bi Simu.

Mpwa alicheka kwenye simu, kisha akasikika akivuta kamasi. Bwana Swichi aliegemeza paji la uso kwenye skrini, akakaa hivyo mpaka alipoamriwa achomeke flashi ya pili na aanze kunakili. Mstari wa kijani ukatokea na kuanza kusogea, polepole mno.

"Diski inasoma kwa shida, kukatika kule kwa umeme kumeijeruhi," mpwa alisema. "Kuna nyingine zinaweza zisitoke, tutajua mwishoni. Sasa nisikilize vizuri. Hii itachukua muda mrefu. Ikikatika katikati tena, sijui kama diski hiyo itaamka. Usizime chochote. Umenielewa, Mjomba? Chochote."

"Lakini tunakwenda kliniki."

"Nendeni. Iacheni inafanya kazi."

Alikuwa bado ameshika simu iliyokwisha kukatwa, mlango ulipofunguka. Bi Simu aliingia, nywele zimesukwa vizuri, dada yake nyuma akiwa na mkoba wa vyeti vya hospitali. Aliangalia vipande vya balbu, droo iliyopinduliwa, skrini ya kijivu asiyoijua. Kisha akamwangalia mumewe usoni na kuinua nyusi.

Bwana Swichi angeweza kujitia hamnazo, kusema ni matengenezo. Alijaribu hata kufungua mdomo hivyo.

"Niliweka mfumo mpya," alisema. "Niliambiwa nisiguse, nikagusa. Ukiwa katikati nikaitwa kwa fundi cherehani, nikazima umeme nikaondoka. Sauti zako nilidhani zimekwenda. Zimeonekana, zinanakiliwa sasa hivi, lakini si ajabu nyingine zimeharibika. Sijui ni zipi. Nisamehe, mama."

Mkono wa Bi Simu ulikwenda kwenye kitambaa cha shingoni na kubaki hapo. Midomo yake ilisema kitu, haraka, na kwa hasira; pumzi tu ndiyo iliyosikika. Alipoona kwamba mumewe hakuelewa, aligeuka akaingia chumbani, na mlango ukafungwa kwa kishindo.

"Shemeji," alisema dada mtu, akitazama pembeni, "leo mimi sina la kukusaidia."

Mstari wa kijani ulikuwa haujafika hata robo. Nje, dereva aliyekuja kuwapeleka alipiga honi, akapiga tena. Bwana Swichi aliokota vipande vya balbu kimoja kimoja. Hakuwa na hakika hata kama mkewe angetoka.

Alitoka. Kitambaa kilikuwa kimenyooshwa, macho mekundu. Alimpita mumewe bila kumtazama, akaenda mlangoni, akavaa viatu. Bwana Swichi akamfuata. Na hapo nyuma ya mlango akaikuta swichi kubwa, kishikio kikiwa juu, na miguu yake ikagoma. Nyumba haina mtu. Mashine ya zamani, nyaya za zamani, diski inayopata joto, mapazia jirani. Kila alichokiogopa maishani kilikuwa mle sebuleni kikiwaka, na yeye anatakiwa kufunga mlango na kukiacha. Alitaka kusema kwamba atabaki. Alitaka kusema waende wao. Kilichotoka ni maneno ambayo mdomo wake ulizoea kuyatoa mahali pale, tena kwa sauti ndogo.

"Umezima?"

Tangu upasuaji hakuwahi kuuliza. Aliona haya mara tu swali lilipomtoka. Dada mtu akainamisha kichwa.

Bi Simu alisimama na kiatu kimoja mguuni. Kisha akarudi sebuleni, akichechemea, akavuta kiti chake chenye mto wa maua. Aliishika ile orodha ya majina, akaishusha, akaishusha tena, akitafuta. Alipolipata alilolitaka alikaa kidogo, kidole juu ya kipanya, na Bwana Swichi akaona kwamba mkewe naye anaogopa, kwa sababu hakuna aliyejua ni yapi yamepona. Kisha akabonyeza.

Spika zikakohoa.

"Nimezima, mzee. Twende."

Ilikuwa yote, nzima, pamoja na kile kicheko cha mwishoni. Na mbele yao kompyuta ilikuwa inawaka, feni inavuma, friji inavuma, taa ya ukumbini imesahauliwa, hakuna kilichozimwa nyumba nzima.

Walitoka. Mkono wa kulia wa Bwana Swichi ulipanda wenyewe mpaka kwenye kishikio, vidole vikakigusa. Bi Simu aliuchukua mkono ule, akaushusha, akaubana chini ya kwapa lake, na kwa mkono mwingine akavuta mlango. Mumewe aliogopa njia nzima mpaka kliniki, lakini hakugeuka kurudi kuzima.